Kitufe Kinachozuia na Kitufe Kinachosukuma: Historia Tuliyoipata Barabara ya Tirinyi

Insha ya mwezi huu ilikuwa iwe juu ya reli ya zamani ya Busoga. Reli itangoja. Kuna jambo lilitupata kati ya Jinja na Mbale, na tangu siku ile hatujaacha kuulizana, mpaka tukajikuta tunasoma historia ya kitufe kimoja kidogo kwenye usukani wa gari.

Tuanze na safari yenyewe. Tulikuwa watu watano: sisi wanne wa kujitolea, tuliotoka kambini siku moja kabla na kulala Jinja, pamoja na dereva. Tulikuwa tunaenda Mbale kwenye mkutano wa vijana. Dereva ni mzee wa Busoga, umri wake umepita sitini. Sisi, kwa desturi ya Kivu, tulimwita Papa. Yeye amezoea kuitwa Mzee, lakini hakukataa. Kiswahili anakijua sana kwa sababu aliendesha lori la tajiri mmoja wa Mombasa kwa zaidi ya miaka kumi. Mlikumbuke hilo lori, tutalirudia.

Gari lilikuwa geni kwake. Shirika lenye gari (jina tunaliacha) lililipata kutoka Uingereza, likiwa limeshatumika, na spidomita yake inasoma maili. Papa alikuwa amelizungusha mjini siku tatu tu. Kitabu cha gari hakikuwemo. Kwenye usukani kulikuwa na vitufe vingi, vingine vya redio, vingine vya simu, na vinne vya mambo ya mwendo. Hakuna aliyemfundisha, naye hakuuliza. Mtu aliyeendesha lori tangu Mombasa mpaka Kampala utamfundisha nini?

Kutoka Jinja tulienda polepole. Kakira kulikuwa na matrekta ya miwa, Magamaga foleni, kisha matuta, matuta, matuta. Iganga tulikunywa chai. Pale Nakalama tukakata kushoto, tukaacha malori ya Busia na Malaba yaende zao, na barabara ya Tirinyi ikafunguka mbele yetu. Lami nzuri, magari machache. Papa akafika maili 55 kwa saa, akabonyeza kitufe, taa ndogo ya kijani ikawaka. Akasema, "Sasa haiwezi kupita hapo." Mguu wake ulibaki juu ya pedeli ya mafuta kama kawaida. Tukaendelea na hadithi zetu.

Baada ya Namutumba tukaingia senta moja, maduka pande zote mbili na boda zimepangwa. Papa akashika breki vizuri, akapunguza. Maduka yalipokaribia kwisha, akabonyeza tena kitufe ili, kwa maneno yake, "kurudisha kikomo." Gari likanguruma. Likaanza kukimbia lenyewe. Na maduka hayakuwa yamekwisha: baada ya mwembe mkubwa kulikuwa na kisima, na mtoto wa kike wa miaka kama tisa alikuwa anavuka na bido la maji, hapa wanaita jerikeni, anaegemea upande mmoja kwa uzito.

Papa alidhani pedeli ya mafuta imenasa. Alitoa mguu kabisa, gari likazidi kuvuta. Hapo ndipo alipokanyaga breki kwa miguu yote miwili. Mtoto aliachia jerikeni akaruka nyuma. Sisi tulisimama hatua mbili hivi kutoka pale jerikeni ilipokuwa inamwaga maji kwenye lami.

Hakuumia. Tunalisema mapema ili mtu asisome huku moyo unamdunda. Lakini mama mmoja alikuja mbio akamkumbatia mtoto, akatutazama bila kusema lolote, na mtazamo ule bado tunao. Papa alishuka akapiga goti mbele ya yule mama, mzee wa umri ule, akaomba msamaha kwa Lusoga. Tuliinua jerikeni, mmoja wetu akaenda kuijaza tena. Kutoka hapo mpaka daraja la Mpologoma hakuna aliyeongea. Mashamba ya mpunga yalipita, Kamonkoli ikapita, miamba ya Wanale ikaonekana juu ya Mbale, sisi tumenyamaza tu.

Jioni Papa aliulizwa na mwenzetu aliyekaa kiti cha mbele. Huyu mwenzetu ndiye amepata leseni ya udereva ya Uganda mwaka huu, baada ya kujifunza upya kila kitu, maana kwetu Kongo tunaendesha upande wa kulia wa barabara na huku ni kushoto. Anatafuta kazi ya udereva, na shirika alilopeleka barua ni lilelile lenye gari. Akauliza kwa heshima, "Papa, kile kitufe ulibonyeza kufanya nini?" Papa akajibu, "Kuizuia. Ni gavana." Naye mwenzetu akasema, "Papa, mimi nilikuwa natazama mguu wako. Ile haikuwa inazuia. Ilikuwa inasukuma."

Huo ndio mwanzo wa insha hii. Tulitaka kujua inawezekanaje mtu mwenye uzoefu wa miaka yote hiyo achanganye kitu kinachozuia na kitu kinachosukuma. Tulichokipata ni kwamba vitu hivi ni ndugu. Babu yao ni mmoja.

Babu huyo ni mashine ya mvuke. Mwaka 1788 James Watt, fundi kutoka Scotland, aliweka kwenye mashine zake mipira miwili ya chuma inayozunguka kwenye mkono. Hakuibuni kutoka hewani, vinu vya upepo vya kusagia nafaka vilikuwa tayari na kitu kama hicho. Mashine ikizidi kasi, mipira inarushwa nje na mkono wake unapunguza mvuke. Mashine ikichoka, mipira inashuka na mvuke unaongezeka. Waingereza wakakiita kifaa hicho gavana, jina lilelile la mtu aliyetawala koloni.

Msidhani tumeenda mbali. Ukisimama Jinja ukatazama Nile, unatazama gavana kazini. Bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili 1954. Gavana John Hall, mtawala wa Uganda baada ya Vita Kuu ya Pili, ndiye aliyelipigania sana bwawa hilo lijengwe, kwa hiyo Jinja imepata magavana wa aina zote mbili. Ndani ya bwawa kila turbini ina gavana wake. Umeme wa Uganda unatakiwa kupiga mara 50 kwa sekunde. Jioni Jinja, Iganga na Mbale wakiwasha taa na pasi kwa pamoja, mzigo unaongezeka, turbini inataka kupunguza mwendo, na gavana anafungua maji zaidi mpaka mwendo urudi. Usiku wa manane watu wakizima, anafunga maji.

Angalieni vizuri kazi yake, maana hapa ndipo siri ilipo. Gavana wa bwawa anafanya mambo mawili: anazuia mwendo usizidi, na anasukuma usipungue. Huko kwenye turbini hakuna shida. Turbini haina senta mbele yake, wala mtoto wa kuvuka.

Gari lilipokuja, kazi hizo mbili ziligawanywa. Moja ilikwenda kwenye malori na mabasi: kuzuia tu. Ya pili ilikwenda kwenye magari madogo ya starehe: kushika mwendo mmoja, yaani kuzuia na kusukuma pamoja. Hiyo ya pili madereva wengi wanaiita kruzi, nasi tutaiita hivyo.

Ya kwanza wengi wetu tunaifahamu. Kenya ilikuwa na waziri wa uchukuzi aliyeitwa John Michuki. Kanuni zake ziliandikwa mwaka 2003 zikaanza kazi tarehe 1 Februari 2004: matatu zote ziwe na mikanda, mstari wa njano ubavuni, kondakta na dereva wavae sare, na kila gari la abiria pamoja na lori zito liwe na gavana ya kilomita 80 kwa saa. Siku zile za kwanza matatu nyingi zilibaki nyumbani na watu wakaenda kazini kwa miguu. Mpaka leo wanaziita sheria za Michuki. Uganda nayo mwaka huohuo 2004 iliandika kanuni zake za mwendo, na gari la abiria likapewa kikomo cha 80. Kwamba madereva wengi walijifunza kukata waya wa gavana, hilo hatuhitaji kulifichua sisi, muulizeni kondakta yeyote.

Sasa lile lori la Papa. Yeye aliendesha miaka mingi na gavana ya aina ya Michuki. Anasema ukiwa na gavana, unakanyaga mafuta mpaka chini na kuuacha mguu ulale hapo. Lori likifika 80 linakataa. Ukitoa mguu linapungua, maana gavana ya lori haina uwezo wa kukimbiza. Mguu wa dereva ndio unaokimbiza, gavana inasema basi. Kwa miaka yote hiyo mwili wake ulijifunza kwamba kitufe cha mwendo ni ukuta. Ukuta hauwezi kukusukuma.

Ya pili ina hadithi nzuri zaidi, na hapa tunaomba mtuvumilie tukae kidogo.

Aliyeibuni alikuwa kipofu. Jina lake Ralph Teetor, alizaliwa Marekani, jimbo la Indiana, mwaka 1890. Akiwa na miaka mitano aliumia jicho kwa kisu, na muda mfupi baadaye akapoteza macho yote mawili. Familia yake ilikuwa ya mafundi, naye hakuacha ufundi. Alisoma uinjinia, akawa anatambua vyuma kwa vidole, akafika kuwa mkuu wa kampuni ya Perfect Circle iliyotengeneza pete za pistoni, na mwaka 1936 akawa rais wa chama cha wainjinia wa magari cha Marekani. Mtu asiyeona barabara, wenzetu. Tulipofika hapo mmoja wetu aliomba tusome tena, hakuamini.

Inasimuliwa kwamba Teetor alikuwa akipelekwa na wakili wake kwa gari, na wakili alikuwa na tabia moja: akiongea anapunguza mwendo, akisikiliza anaongeza. Kwa mtu anayeona, hilo ni jambo dogo. Kwa kipofu aliyekaa kando, kila badiliko la mwendo linaingia mwilini. Alichoka kuyumbishwa. Kisha wakati wa vita serikali ya Marekani iliweka kikomo cha maili 35 kwa saa ili kuokoa mafuta na mipira ya magurudumu, na swali la kushika mwendo mmoja likawa la nchi nzima. Teetor akakaa na kazi hiyo miaka mingi. Mwaka 1950 alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wake.

Na kile alichokitengeneza mwanzo, msishangae, kilikuwa karibu na ukuta wa lori la Papa. Dereva alichagua mwendo, na alipoufikia, pedeli ya mafuta ilirudisha mguu wake, ikawa ngumu, kama inamwambia umefika. Mguu bado ulikuwa na kazi. Baadaye ndipo kikaongezwa cha kushika mwendo chenyewe bila mguu. Mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ilikiweka kwenye magari yake ya bei ya juu. Kilikuwa na majina mengi, lakini jina la Cadillac, kruzi, ndilo lililobaki. Kisha ikaja shida ya mafuta ya 1973, Marekani ikaweka kikomo cha maili 55 kwa nchi nzima, na watu wa safari ndefu wakakipenda kitufe hicho kwa sababu kiliwalinda na faini. Hamsini na tano, ndiyo. Namba ileile ya Papa, ingawa yeye hakuitoa huko.

Kwa hiyo kruzi ilizaliwa kwenye barabara ndefu zilizonyooka, ambako hakuna mtu anayevuka na maji kichwani. Hatusemi hivyo kwa kulaumu. Kila kitu kinazaliwa mahali fulani, na sisi wakimbizi tunajua kwamba mahali ulipozaliwa hapakuachi hata ukihama.

Kilichotuchanganya zaidi ni magari ya Ulaya. Huko walirudisha wale ndugu wawili kwenye nyumba moja. Magari mengi ya Ulaya ya miaka hii yana kruzi na kikomo kwenye usukani uleule, kwa vitufe vilevile. Kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine ni kusukuma swichi ndogo kushoto au kulia. Ukiwa upande wa kikomo, namba uliyoweka ni ukuta. Ukiwa upande wa kruzi, namba hiyohiyo ni amri: nenda huko. Kwenye dashibodi tofauti yao ni kijipicha kidogo kama punje ya mchele. Na Umoja wa Ulaya umeenda mbele tena: tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa huko lazima liwe na mtambo wa kumwonya dereva anapozidi mwendo wa barabara ile, kwa kusoma vibao au ramani. Magari hayo siku moja yatafika hapa yakiwa yameshatumika. Ramani yatakayokuja nayo ni ya huko.

Mbale tulimtafuta fundi wa umeme wa magari, kijana mtaratibu, tukakaa kwenye gereji yake karibu saa nzima. Alituonyesha mengi kwenye gari lilelile, na tunayaandika kama alivyotupa kwa sababu madereva wa mashirika mnaosoma hapa mnayahitaji.

Kwanza alisema kruzi ina kumbukumbu. Ukikanyaga breki, inalala lakini haisahau. Namba ya mwisho inabaki ndani mpaka uizime kabisa, au kwenye magari mengi mpaka uzime injini. Kile kitufe cha kurudisha hakiulizi uko wapi sasa. Uliweka 55 kwenye barabara tupu, utaipata 55 katikati ya soko. Pia haikubali mwendo mdogo: kwenye magari mengi ya kawaida huwezi kuiweka chini ya kilomita 40 hivi kwa saa. Maana yake ndani ya senta haina kazi yoyote ya kukufanyia, mahali pake ni kuzimwa.

Kisha ile ya kugusa. Ukigusa kitufe mara moja namba inapanda kwa moja, ukikishikilia inaruka, magari mengine kwa tano tano. Lakini moja ya nini? Hapo tulicheka. Kwenye gari la maili moja ni maili, yaani kilomita 1.6. Hata Toyota nyingi zilizo na spidomita ya kilomita, kitabu chake kinasema mguso mmoja ni kama kilomita 1.6, kwa sababu mtambo ulipangwa kwa maili. Ndiyo maana unagusa mara tano ukitegemea tano, unapata nane.

Tukamuuliza juu ya spidomita yenyewe. Akasema spidomita inadanganya kwa ruhusa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, ambayo nchi nyingi zinazotengeneza magari zinaifuata, inasema spidomita isionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli, lakini inaweza kuzidisha kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Ukiwa kwenye 80 ya kweli, inaweza kukuonyesha mpaka 92 na bado iko ndani ya sheria. Ila ukifunga magurudumu makubwa ili gari lipite matuta bila kugonga tumbo, kama wengi wanavyofanya huku, hesabu inageuka na unakwenda kasi kuliko unavyoonyeshwa. Traka ya setilaiti haijali hayo yote, yenyewe inapima ardhi. Hata mashine ya polisi inapima gari, haipimi spidomita yako.

Mwisho alisema mvua. Kruzi haijui lami imelowa. Gurudumu likipanda juu ya maji na kukosa mshiko, wewe ungetoa mguu, lakini kruzi inaendelea kudai namba yake. Barabara ya Tirinyi inapita kwenye mabwawa ya Mpologoma, na mvua za Mbale mnazijua. Tangu mafuriko ya Julai 2022 watu wa mji ule hawazichezei.

Sasa turudi kwenye jambo lililotusukuma kuandika. Traka ilikuwa imeandika kila kitu. Siku tatu baadaye shirika lilimwita Papa, kisha likatuita sisi. Kulikuwa na mistari miwili myekundu kwenye karatasi. Wa kwanza: kilomita 84 kwa saa barabara ya Tirinyi, wakati kikomo cha shirika ni 80. Maili 55 kwa hesabu ni 88, spidomita ilizidisha kidogo, kwa hiyo 84 ni sawa kabisa. Hapo Papa alikosa, alisema mwenyewe kwamba alidhani 55 ni "themanini na kitu kidogo." Mstari wa pili: 61 ndani ya senta yenye kikomo cha 50, mwendo ukipanda, kisha breki ya ghafla.

Fomu ya ushahidi ilikuwa imeshaandikwa. Ilisema dereva aliongeza mafuta kabla ya kumaliza senta. Mwenzetu wa kiti cha mbele aliambiwa atie sahihi tu. Fikirieni nafasi yake. Barua yake ya kuomba kazi iko mezani kwa watu walewale. Leseni yake haijatimiza hata mwaka. Na Papa ni mtu aliyemjua siku mbili, na ni kweli kosa lilikuwepo, mtoto angekufa.

Alikataa kutia sahihi. Hakukataa kwa kelele. Aliomba karatasi nyeupe, akaandika mistari minane ambayo tunayo picha yake: kwamba mguu wa dereva haukuwa kwenye mafuta; kwamba alibonyeza kitufe cha kurudisha akidhani ni cha kuzuia; kwamba gari halikuwa na kitabu; kwamba hakuna aliyemfundisha tofauti; kwamba kilomita 80 za shirika hazikuandikwa popote kwenye gari la maili; na kwamba hata hivyo kubonyeza kitufe usichokijua huku watu wako barabarani ni kosa la dereva. Hiyo ya mwisho tulibishana naye sana. Wawili kati yetu walisema ingeachwa. Yeye akasema ikiachwa, mistari mingine yote itaonekana ya kumtetea mtu.

Afisa aliyesoma alikaa kimya kidogo, akauliza kama kuna magari mengine ya maili. Yapo mawili. Papa alisimamishwa wiki mbili kisha akarudi. Kwenye yale magari sasa kuna karatasi iliyobandikwa juu ya dashibodi: 50 hapa ni 80, 30 hapa ni 50. Ni karatasi tu ya kawaida iliyozungushiwa selotepu, lakini ipo. Barua ya mwenzetu bado haijajibiwa, na hatujui kama mistari minane imemsaidia au imemwharibia. Yeye anasema angeiandika tena. Ukimuuliza usiku anasema anaogopa.

Juu ya serikali tuseme kidogo tu. Mwezi Juni 2025 Uganda ilianza kutoa faini za mwendo kwa kamera, na ndani ya siku chache mpango ukasimamishwa kwa malalamiko ya madereva, wengi wakisema hawakuona kibao kinachowaambia mahali kikomo kinapoanzia. Tulipokuwa tunafuatilia habari ile kwenye simu tulicheka bila kumaanisha kwamba waache watu wakimbie. Ni kwamba tulikuwa tumeshaiona fomu ya namna hiyo.

Kabla ya kuweka insha hii tulimtumia Papa, mjukuu wake akamsomea, naye akatuma sauti ya dakika nne. Amekubali karibu yote. Amesema mtoto yule haitwi na sisi "mtoto wa kisima" tena, ana jina, amepita kwao mara mbili na kupeleka sukari, lakini jina tusiliweke kwenye simu. Amesema pia mti ule si mwembe, ni mfenesi, na mtu anayeandika historia asiyejua tofauti ya mwembe na mfenesi arudi shule. Halafu akauliza kama yule fundi wa Mbale anaweza kuiondoa kruzi kabisa aache kikomo peke yake. Tumempigia fundi. Anasema swichi ipo palepale kwenye usukani, isukumwe tu upande wa kulia.